Programu Yangu Ilisema Aongezewe Dawa

Najua nimekuwa kimya kwa muda, na wawili watatu wameniandikia kuuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Kuna jambo nilitaka nilielewe mwenyewe kwanza kabla ya kulileta hapa. Leo hakuna Linux wala simu mpya. Leo ni habari ya programu niliyoiandika kwa mikono yangu, ikafanya kazi sawasawa kama nilivyoiagiza, na bado ikampita dada yangu pembeni siku alipoihitaji.

Simu ililia saa nane usiku. Ilikuwa mwezi Machi, mvua za masika ndiyo kwanza zinaanza. Alikuwa mpwa wangu. "Mjomba, mama hapumui." Kutoka Lolwe hadi Obunga si mbali kwa boda boda, lakini usiku ule niliona kama tunakwenda Busia. Nilimkuta dada ameketi kitandani ameinama mbele, viganja juu ya magoti, mabega yanapanda na kushuka. Hakuweza kumaliza sentensi. Aliye na mgonjwa wa pumu nyumbani anaujua mkao huo.

Tulimpakia kwenye tuktuk tukampeleka hospitalini. Walimwekea oksijeni, wakampa dawa ya mvuke na vidonge vya prednisolone, na kulipopambazuka akawa anaweza kuongea. Neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza ni nani atakwenda kumchukulia samaki. Dada yangu hukaanga mgongo wazi, yaani yale mafupa ya mbuta yanayobaki baada ya viwanda kutoa minofu. Kwa wasioijua Kisumu, Obunga ndiko nyumbani kwa mgongo wazi, na ukipita pale jioni macho yatakuwasha kwa moshi kabla hujamwona samaki mwenyewe.

Asubuhi hiyo muuguzi aliniomba nilete dawa zake zote kutoka nyumbani. Mpwa wangu akanitolea mkebe wa biskuti uliokuwa chini ya kitanda. Nikaufungua. Ndani kulikuwa na inhela tatu za kahawia, moja hata utepe wa kiwandani haujatolewa. Kulikuwa pia na boksi jipya la inhela ya mchanganyiko, ile ya bei kubwa, halijaguswa. Na pembeni, kwenye karatasi ya gazeti, vidonge vidogo vya salbutamol vya kununua kimoja kimoja dukani.

Nililitambua lile boksi jipya. Wiki sita kabla, dada alikuwa amekwenda kwenye kliniki moja ya hapa mjini. Kliniki hiyo hutumia programu yangu. Na programu yangu ndiyo iliyosema aongezewe dawa.

Ngazi ya pumu

Kabla sijaendelea, wacha nieleze pumu inatibiwaje kwa mtu mzima, maana bila hilo hutaelewa kosa langu liko wapi.

Pumu ina mambo mawili ndani yake. Kwanza njia za hewa zimevimba kwa ndani, na uvimbe huo upo hata siku ambazo mgonjwa anajisikia vizuri. Pili, misuli inayozunguka njia hizo hujikaza ghafla, na hapo ndipo pumzi hukatika. Inhela ya bluu, salbutamol, hulegeza misuli kwa dakika chache. Inhela ya kahawia, ambayo ni steroidi, hutuliza uvimbe polepole, na ni lazima ivutwe kila siku. Ya bluu unaisikia hapo hapo. Ya kahawia huisikii kabisa, lakini ndiyo inayozuia shambulio. Shika hilo, tutalirudia.

Matibabu hupangwa kama ngazi. Mpango wa kimataifa wa pumu, unaojulikana kama GINA na ulioanzishwa mwaka 1993, una hatua tano. Mgonjwa asipotulia anapandishwa, akitulia kwa miezi kadhaa anashushwa. Mwaka 2019 GINA walifanya badiliko kubwa: walisema mtu mzima asitibiwe tena kwa salbutamol peke yake, kwa sababu inampa nafuu huku uvimbe ukiendelea, na hatari ya shambulio kubwa inabaki pale pale. Hili si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 pumu iliua watu 455,000, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu.

Sasa, msanidi programu akisikia neno "hatua tano" mate humtoka. Ngazi ni kitu kinachoingia kwenye msimbo bila ubishi.

Nilivyoiandika

Kliniki hiyo ilikuwa tayari inaweka rekodi za wagonjwa kwenye OpenMRS. Hii ni programu huria iliyoandikwa kwa Java, na data zake hukaa kwenye MySQL. Niliombwa nitengeneze moduli ndogo ya kumsaidia afisa wa kliniki kuamua lini ampandishe mgonjwa wa pumu hatua. Nilifurahi sana. Dada yangu ana pumu tangu tukiwa watoto, nikaona sasa nafanya kazi yenye maana.

Nilianza na yale maswali manne ambayo GINA huyatumia kupima udhibiti wa pumu. Katika wiki nne zilizopita: je, ulibanwa mchana zaidi ya mara mbili kwa wiki? Uliamshwa usiku na pumu hata mara moja? Ulihitaji dawa ya nafuu zaidi ya mara mbili kwa wiki? Kuna kazi uliyoshindwa kuifanya kwa sababu ya pumu? Hakuna "ndiyo" hata moja, pumu imedhibitiwa. Moja au mbili, imedhibitiwa nusu. Tatu au nne, haijadhibitiwa.

Kisha nikaandika sharti. Nikilifupisha kwa Kiswahili lilikuwa hivi:

kama majibu_ya_ndiyo >= 3
na inhela_ya_kahawia imetolewa miezi 3 mfululizo
basi onyesha "PUMU HAIJADHIBITIWA. PENDEKEZO: PANDISHA HATUA MOJA"

Mstari wa pili ndio niliojivunia. Nilijiambia, mimi si mjinga, sitampandisha mtu ambaye hatumii dawa. Programu itaangalia kwanza kwenye hifadhidata kama dawa ilitolewa. Nilifanya majaribio kwa wagonjwa wa kubuni, yote yakapita.

Dada yangu alijibu "ndiyo" mara nne. Hifadhidata ikasema inhela ya kahawia imetolewa Desemba, Januari na Februari. Kiolesura kikawaka rangi ya chungwa. Afisa akasoma, akaandika dawa ya hatua inayofuata, inhela ya mchanganyiko. Dada akakopa pesa kwenye chama chake, akainunua, akaiweka kwenye mkebe.

Hifadhidata haikudanganya. Inhela zilitolewa, na mimi nimezishika kwa mkono wangu. Hifadhidata ilisema *imetolewa*. Mimi ndiye niliyesoma *imevutwa*.

Mkebe wa biskuti

Alipotoka hospitali nilikwenda kukaa naye. Sikumhoji kama daktari, nilikaa kwenye kigoda nikamsaidia kupanga kuni. Baadaye nikamuuliza, kwa nini hukuzivuta?

Aliniangalia kama vile nimeuliza kwa nini mtu hali mawe. "Omera, ile ya kahawia haifanyi kazi. Nilibanwa usiku nikaivuta mara sita, hakuna kitu. Nikarudi kwa ile ya bluu."

Hakuna aliyemwambia kwamba ya kahawia si ya kuokoa usiku. Au labda aliambiwa mara moja, haraka, miaka iliyopita, kwa Kiingereza. Kwa akili yake, dawa aliyoijaribu siku ya shida ikashindwa ni dawa mbovu. Ukifikiri vizuri, huo ni uamuzi wa mtu mwenye busara aliyenyimwa habari moja tu.

"Basi kwa nini uliendelea kuichukua?"

"Si daktari ameandika? Nikikataa ataniona mkaidi. Nikaweka akiba."

"Na ile mpya?"

"Ile ni ya bei. Dawa ya bei hiyo huifungui ovyo. Niliiweka nikizidiwa kabisa."

Nikamwomba anionyeshe anavyovuta ile ya bluu. Akafungua mdomo wazi, akaishika mbali kidogo kama mtu anayejipulizia marashi, akabonyeza mara mbili haraka haraka. Wingu jeupe likatoka puani na kwenye pembe za midomo. Sidhani kama theluthi ilifika kifuani. Inavyotakiwa ni kuitikisa, kutoa pumzi, kufunga midomo kuizunguka, kubonyeza mara moja huku ukianza kuvuta polepole, kisha kushikilia pumzi kama sekunde kumi. Ni mambo rahisi, lakini hakuna anayezaliwa akiyajua. Mimi nimeishi naye nyumba moja miaka mingi na sikuwahi kuangalia.

Kwa hiyo mgonjwa wangu wa "hatua ya pili iliyoshindwa" hakuwahi kuwa hatua ya pili. Alikuwa mtu wa inhela ya bluu tu, anayoivuta vibaya, na vidonge vya salbutamol vinavyomtetemesha mikono, mbele ya moshi kila siku. Nikampandisha kutoka kwenye ngazi ambayo hajawahi kuikanyaga.

Kilichoniuma zaidi nilikipata usiku huo nilipofungua tena mwongozo. GINA wenyewe wanasema wazi kwamba kabla ya kuongeza dawa, angalia kwanza mgonjwa anavutaje, anaivuta kweli au la, kuna moshi au kitu kingine kinachomchokoza, na je, ugonjwa wenyewe ni pumu. Hilo la mwisho hapa kwetu si la kupuuza, maana kikohozi na pumzi fupi vinaweza kuwa kifua kikuu au moyo. Yote hayo nilikuwa nimeyasoma. Lakini yalikuwa kwenye aya, na hatua tano zilikuwa kwenye jedwali. Jedwali linaingia kwenye msimbo kwa saa moja. Aya haiingii. Nikachukua jedwali nikaiacha aya.

Wengine waliwahi kupita njia hii

Nilianza kutafuta kama kuna aliyejikwaa hapa kabla yangu. Wako wengi.

Mwaka 2002 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa Martin Eccles na wenzake. Walichukua kliniki kama 60 za kaskazini mashariki ya Uingereza, wakaweka kwenye tarakilishi za madaktari miongozo ya kutibu pumu na maumivu ya moyo kwa watu wazima. Matokeo? Hakuna kilichobadilika, si dawa zilizoandikwa, si hali ya wagonjwa. Sababu moja ilikuwa wazi: madaktari waliitumia programu kidogo sana. Waliona inawakatiza wakiwa na mgonjwa mbele yao.

Sasa njoo karibu na nyumbani. Ukipanda kutoka Kisumu kupita Kapsabet, kabla ya kufika Eldoret utapita Mosoriot. Kituo cha afya cha hapo kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye tarakilishi mwaka 2001, kwa Microsoft Access, chini ya ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Kutokana na kazi ya huko AMPATH, OpenMRS ikaanza mwaka 2004. Ndiyo, ile ile niliyoitumia mimi. Na taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis iliyoshiriki ndiyo alikotoka Clement McDonald, ambaye mwaka 1976 aliandika kwamba daktari husahau kwa sababu ni binadamu mwenye mambo mengi, si kwa sababu hajui, na kwamba tarakilishi inaweza kumkumbusha.

Martin Were na wenzake walilijaribu wazo hilo Eldoret kwenye kliniki za VVU. Kwenye utafiti wao wa mwaka 2011, kliniki iliyopata vikumbusho iliagiza kipimo cha CD4 kwa asilimia 53 ya waliostahili, na ile isiyopata ikawa asilimia 38. Mwaka 2013, kwa watoto, kazi zilizokuwa zimechelewa zilikamilishwa kwa asilimia 68 palipokuwa na vikumbusho, na asilimia 18 pasipokuwapo.

Kwa nini Eldoret ilifaulu na Uingereza ikashindwa? Magonjwa ni tofauti na kazi ni tofauti, kwa hiyo sitajifanya najua yote. Lakini kuna kitu kimoja kilichonigusa kama msanidi. Eldoret walichapisha kikumbusho kwenye karatasi, ikawekwa kwenye faili la mgonjwa kabla hajaingia kwa daktari. Karatasi! Hakuna dirisha linalochomoza. Tena kikumbusho kiliomba jambo moja dogo ambalo mhudumu anaweza kulifanya pale pale.

Nilichokibadilisha

Nilirudi kwenye kliniki na wazo la kwanza, ambalo lilikuwa baya. Nilitaka kuweka visanduku vinne vya lazima, ili afisa asiweze kupandisha dawa mpaka avijaze. Afisa mmoja, mama mwenye subira nyingi, aliniambia, "Ndugu yangu, foleni iko hadi mlangoni. Ukiniwekea visanduku vinne nitavibofya vyote vinne bila kumwangalia mgonjwa." Alikuwa na haki. Ningekuwa nimetengeneza uongo mwingine ndani ya hifadhidata.

Kwa hiyo tuliiga Eldoret. Mgonjwa wa pumu akijiandikisha, printa ndogo inatoa karatasi anayoishika muuguzi anayepima presha, wakati mgonjwa bado yuko kwenye foleni. Ina maswali haya:

1. Umekuja na inhela zako? Zitoe zote mezani.
2. Nionyeshe unavyovuta.
3. Watu wengi huruka siku. Wiki iliyopita wewe uliruka siku ngapi, na kwa nini?
4. Unapikia nini, na unafanya kazi wapi?

Swali la tatu tulilibishania sana. Mwanzoni lilikuwa "Je, unatumia dawa zako kila siku?" na kila mtu alijibu ndiyo. Ukiuliza hivyo umemwambia jibu unalolitaka.

Majibu yakiingia, programu haisemi tena "pandisha" kwanza. Kama mbinu ni mbaya au dawa haivutwi, inasema: rekebisha hili leo, mwone tena baada ya wiki chache. Kama anavuta vizuri, anavuta kila siku na bado hana udhibiti, inasema apandishwe, na inasema bila kusitasita. Hilo nililisisitiza, kwa sababu ni rahisi kutoka kosa moja na kuangukia la pili, ukamfanya mgonjwa mahututi afundishwe kuvuta inhela mwezi baada ya mwezi huku anahitaji dawa yenye nguvu zaidi. Na aliyefika amebanwa hapitii maswali kabisa, anatibiwa kwanza.

Na sharti langu la zamani? Nililibadilisha jina. Kigezo kilichokuwa kinaitwa *anatumia_dawa* sasa kinaitwa *amepewa_dawa*. Wenzangu mnaoandika programu, msicheke. Jina lile la zamani ndilo lililonidanganya mimi mwenyewe.

Dada

Dada anaendelea vizuri. Muuguzi alimkatia chupa ya soda ya plastiki ya nusu lita ikawa kibuyu cha kuvutia dawa. Si kiinimacho: mwaka 1999 watafiti wa Cape Town walionyesha kwa watoto waliobanwa na pumu kwamba chupa kama hiyo, ikiandaliwa vizuri, inafanya kazi kama kile kifaa cha dukani. Anavuta ya kahawia asubuhi na jioni, anasukutua mdomo, na boksi la bei kubwa bado halijafunguliwa kwa sababu mpaka sasa halijahitajika. Mtu mmoja si utafiti, sitawauzia hadithi yake kama ushahidi. Moshi nao bado upo. Amesogeza jiko upande unaopata upepo wa ziwa, lakini ada ya shule inalipwa na mgongo wazi, na kwa hilo sina msimbo.

Nikiangalia nyuma, sikuhitaji seva wala moduli kugundua tatizo lake. Nilihitaji kumwambia, "Hebu nionyeshe." Kazi niliyoipa tarakilishi sasa ni kuhakikisha kuna mtu anayeyasema maneno hayo kila mara, hata siku foleni imefika mlangoni.

Kama una pumu, au unaishi na mwenye pumu, nakuomba jambo moja leo. Usiache dawa yoyote wala kuiongeza kwa sababu ya haya niliyoyaandika, mimi si daktari. Toa inhela zote mezani, vuta mbele ya mtu anayejua, muuguzi au mfamasia, na umwambie ukweli kuhusu zile zilizo kwenye mkebe.

Haya, wiki ijayo tunarudi kwenye Linux. Naahidi.